Matawi Aliyotandikiwa Mathayo

Kwetu Singida ukisema fulani ni dereva wa mbio, watu wanadhani umemsengenya. Dereva wa mbio ni yule anayekata kona kwa fujo huku amebeba abiria, ambaye akina mama wakimwona kwenye usukani wanashuka na vikapu vyao kusubiri gari lingine. Kwa hiyo mdogo wangu Mathayo alipoanza kusema hadharani kwamba kazi anayoitaka duniani ni hiyo, katekista wa kigango chetu cha Issuna alimtaja kwenye maombi ya Jumapili. Aliombewa pamoja na wagonjwa.

Mimi ni Editha. Nina duka la spea pale mjini, karibu na gereji za mafundi, na Mathayo ni mtoto wa mama yangu mdogo, Febronia. Kwenye mashindano ninayotaka kuyasimulia, mimi ndiye niliyekaa kiti cha kushoto, kiti cha msoma ramani, anayemwambia dereva kona inayokuja imekaaje. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nimefungwa mkanda, na hasira niliyoshuka nayo siku ile bado ninayo.

Mathayo alipenda magari kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mama yake akimtuma dukani, anarudi na habari za lori badala ya chumvi. Alikuwa anaweza kukaa sebuleni, asikie gari linapanda kile kilima cha kuingia kijijini, akasema, "Huyu amechelewa kubadili gia, atazima." Na kweli gari linazima. Wenzake walicheka, mama mdogo alikereka, mimi nikaona kuna kitu. Lakini kuona kuna kitu na kukipeleka mahali ni mambo mawili, na Singida hakukuwa na mahali pa kukipeleka.

Alipomaliza kidato cha nne akapanda Fuso la Marko kama utingo. Marko alikuwa jirani yetu, mtu mzima, mpole, mwenye mkono mzuri wa usukani. Walibeba alizeti na vitunguu, wakati mwingine matenga ya kuku, na Marko ndiye aliyemfundisha Mathayo kuendesha kwenye vumbi, kwenye mchanga, na kwenye ule udongo wetu mweusi ambao mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Alimfundisha pia matawi.

Kila anayeishi barabarani anayajua matawi. Lori likikufia njiani, utingo anaruka na panga, anakata matawi mabichi, anayatandika barabarani nyuma ya kona ili anayekuja ajue mbele kuna gari limekufa. Hakuna alama inayoheshimiwa kama hiyo. Vibao vya serikali watu wanavipita wakiongea na simu, lakini ukiona matawi mguu unatoka kwenye mafuta wenyewe.

Siku moja wanateremka Mlima Sekenke wakielekea Igunga, Mathayo amekaa kwenye kiti cha utingo, wakayakuta matawi. Yalikuwa yamenyauka kidogo. Marko akasema, "Haya ya jana hayo, wameshaondoka wakayaacha," akapita. Nyuma ya kona kulikuwa na lori la mbao limelala katikati ya barabara. Mathayo alitoka na kovu la kidevuni. Marko tulimzika Issuna.

Baada ya hapo sikuwahi kumwona Mathayo akipita matawi kwa mwendo, yawe mabichi au makavu, hata kama yameangushwa na mbuzi. Anasimama kwanza, halafu ndiyo anapita taratibu. Naomba hilo likumbukwe.

Gari lake alilipata Ikungi kwa mwalimu mmoja mstaafu, Starlet iliyokuwa imeegeshwa uani mpaka kuku wakaigeuza banda. Viti vilinuka hadi tukaving'oa. Alilitengenezea uani kwangu, nyuma ya duka, kila Jumapili akitoka kanisani. Alibadilisha shokomzoba, akaimarisha chini kwa mabati mazito, akachomelea vyuma ndani ili gari likibiringika paa lisibonyee. Mafundi wa pale walikuwa wanakuja kumtania. "Mathayo, hili ni gari au kitanda cha chuma?" Yeye anacheka tu, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni.

Kilichokuwa kinanichoma ni jinsi milango ilivyomfungia usoni. Alipiga simu kwenye vilabu vya mbali, huko kwenye miji ambako watoto wanazaliwa baba zao wana magari ya mashindano. Wanamuuliza, "Uko Singida? Singida kuna mbio gani?" Halafu wanacheka. Mara moja alisafiri mpaka Arusha na kofia ngumu ya bodaboda kwenye mfuko wa salfeti, akidhani inatosha. Mlangoni wakamwambia kofia hiyo haikubaliki na ovaroli lake litawaka moto. Akatazama mashindano kwenye uzio, akarudi usiku ule ule. Na kazi nazo akawa anazikosa: tajiri mmoja wa magari ya abiria alikuwa ameshamkubali, lakini kusikia kijana anafanya mazoezi ya mbio, akambadilikia siku ya kwanza. Mbio hazimtaki kwa sababu ni mtu wa malori, mabasi hayamtaki kwa sababu ni mtu wa mbio. Sasa mtu kama huyo aende wapi? Nilikuwa nauliza swali hilo kwa sauti dukani mpaka wateja wananizoea.

Halafu, ghafla, mashindano yakaja yenyewe. Klabu moja iliamua kuleta mbio Singida, kwenye barabara za vumbi kutoka pembeni ya mji kuelekea Ikungi, na njia ikapita Issuna, kijijini kwetu kabisa. Kukawa na kundi la magari madogo. Mwenye timu mmoja kutoka Moshi, mzee wa heshima anayemiliki magari ya mashindano ya kweli, akasema mbele ya madereva wote kwamba atakayeongoza kundi la magari madogo atakaa kwenye usukani wa gari lake msimu mzima unaofuata. Matairi yake, mafuta yake, mafundi wake. Mathayo aliposikia alikwenda kukaa nyuma ya gari lake peke yake, akashika kichwa. Nilijua anaomba Mungu, nikamwacha.

Tulipita njia ile kwa mwendo wa pole siku zilizoruhusiwa, mimi naandika kila kona. Kofia za kweli tuliazima. Nilijifunza kusema kwa kifupi, maana dereva hana muda wa hadithi: kushoto kali, kulia ndefu, daraja, kanyaga.

Siku moja kabla ya mashindano, mama mdogo Febronia akapiga simu. Huyu ni mama ambaye kwa miaka yote hakuwahi kuyaita mashindano kwa jina, aliyaita "hayo mambo yako." Mathayo akaweka sauti kubwa ili na mimi nisikie.

"Mwanangu, hilo gari lako lina rangi gani?"

"Jekundu, mama. Lina mistari myeupe mlangoni."

"Na mtapita hapa nyumbani wa ngapi?"

"Yatatangulia makubwa yote, halafu sisi wadogo. Mimi ndiye wa kwanza katika wadogo."

"Haya. Mungu akutangulie, baba."

Akakata. Mathayo akanitazama macho yamelowa. "Dada, umesikia? Ameuliza rangi." Nikamwambia nimesikia. Nilifurahi mimi! Ningejua mama mdogo ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango kwa maana gani hasa, nisingefurahi.

Siku yenyewe Mathayo aliendesha kama nilivyojua siku zote kwamba anaweza. Sisemi hivyo kwa kuwa ni damu yangu. Wale vijana wa mjini walikuwa na magari mapya kuliko letu, lakini mchanga waliuogopa, na Mathayo mchanga ndio shule aliyosoma. Gari likitaka kwenda pembeni aliliacha liende kidogo, halafu analirudisha, bila papara. Mpaka tunaingia kipande cha mwisho, kinachopita Issuna, tulikuwa mbele. Aliyekuwa nyuma yetu ni kijana mmoja wa Dar es Salaam, na alitakiwa kutuzidi kwa muda ambao kwenye kipande kile ulikuwa hauwezekani. Msimamizi wa mashindano mwenyewe alininong'oneza wakati tunasubiri bendera, "Dada, mwambie asivunje gari tu."

Tukaondoka. Vumbi la wakubwa lilikuwa limeshatulia. Nikasoma kona za korongo, kulia, kushoto, kulia ndefu, gari linaimba. Mbele yetu kulikuwa na ile kona ya kushoto ya kuingia kijijini, yenye mawe makubwa upande mmoja, huwezi kuona ng'ambo. Nikafungua mdomo kusema, "Kushoto, kanyaga."

Matawi.

Mabichi, yamekatwa sasa hivi, yamejaa barabara nzima.

Sikuwahi kumaliza neno. Mathayo alishika breki mpaka gari likalala upande, likanyooka, likatambaa. Na niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nimekanyaga breki kwa miguu yote miwili, na upande wangu hakuna breki. Nani angefanya vingine? Kuna gari la wakubwa limekufa nyuma ya kona, ndivyo matawi yalivyosema. Uso wa Mathayo ulikuwa umepauka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika lile kovu la kidevu. Tukaizunguka kona kwa gia ya kwanza.

Nyuma ya kona hakukuwa na gari. Kulikuwa na vigelegele.

Akina mama wote wa kigango walikuwa wamepanga mistari miwili, wamevaa sare, wamenyanyua matawi juu. Kanga zimetandikwa barabarani. Ilikuwa vilevile kama alipokuja askofu kutoa kipaimara, hata wimbo ulikuwa ule ule, wamebadilisha jina tu. Mgambo aliyewekwa pale kuzuia watu ndiye aliyekuwa na panga, na alikuwa anacheza. Walikuwa wamesubiri magari makubwa yapite yote, halafu wakatandika haraka haraka kwa ajili ya gari moja tu, jekundu lenye mistari myeupe. Katikati ya barabara, mbele kabisa ya gari letu, alisimama mama mdogo Febronia na kuku mkononi.

Mathayo akasimamisha gari. Angefanya nini, ampite mama yake pembeni amtie vumbi?

Mama mdogo akaja dirishani. Mathayo, ndani ya kofia ngumu, muda unakimbia, msimu mzima unakimbia, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Hebu shuka kidogo watu wakuone."

"Mama, tuko kwenye mashindano."

"Kwani ukishuka yanakwenda wapi?"

Hapo nikapiga kelele. Sitaki kuyarudia niliyoyasema, mengine hayasemwi mbele ya mama mdogo. Nikasema kuna gari lingine linakuja nyuma, litaua watu, tokeni barabarani! Neno kuua ndilo lililowasikilizisha. Wakaanza kukusanya kanga, na mama mdogo, kabla hajarudi nyuma, akapitisha mkono dirishani akamtupa kuku mapajani mwangu. "Shika huyo, mtakula mkifika." Mathayo akaondoa gari kwa upole, ili asimrushie mtu jiwe. Alianza kukanyaga tulipompita mzee wa mwisho.

Nilimaliza mashindano ya magari nikiwa na kuku wa kienyeji miguuni, amefungwa kwa kitambaa, ananidonoa viatu.

Yule kijana wa Dar alipita pale baada yetu. Barabara ilikuwa nyeupe, watu wamesogea, matawi yamebaki. Aliyapita bila kupunguza hata kidogo. Mwishoni alikuwa anasimulia huku anacheka, "Kule kwenye kona mmejaza majani, nilidhani chakula cha mbuzi." Hajui matawi ni nini. Hajawahi kumzika Marko. Alitushinda kwa muda mdogo kuliko wa kuitikia shikamoo.

Mwenye timu akaja kwenye gari letu, hana hata hasira, ana mshangao. Wana mashine zao zinazoonyesha gari liko wapi, na mashine ilionyesha gari letu limesimama tuli.

"Kijana, ulikuwa umeshinda. Ulisimama kufanya nini?"

Kuku akalia.

Mzee akainama akachungulia. "Na huyu?"

Msimamizi alikuwa amesimama kando, na yeye alishasema jambo ambalo nililidaka: dereva aliyewekewa kizuizi barabarani anarudishiwa muda wake, mradi aeleze kizuizi kilikuwa nini na nani alikiweka, ili askari waende wakawashughulikie. Askari wenyewe walikuwa pale, na gari lao. Nikamkanyaga Mathayo mguu. Sema! Nikamkanyaga tena. Neno moja tu, na kiti ni chako.

Mathayo akamtazama mzee wa watu machoni, akasema, "Tulimnunua njiani."

Watu walianza kucheka taratibu, halafu kicheko kikaenea. Kila mtu anajua magari yakipita Singida yanasimama kununua kuku. Ilikuwa rahisi mno kuamini. Mwenye timu alinyooka, akafuta vumbi kwenye mikono yake, akasema bila ukali, "Mimi nilikuwa natafuta dereva," akaenda kumpa mkono kijana wa Dar.

Tulipobaki wawili nilimrukia. Nilimwambia ni mjinga, nikamwambia ametupa maisha yake kwa ajili ya kuku, nikamwambia bado hajachelewa, rufaa inasikilizwa mpaka jioni, twende. Alikuwa anafungua mikanda polepole, kama mtu aliyechoka kulima.

"Nikasemeje, dada? Kwamba mama yangu ni kizuizi?"

"Ndiyo! Leo alikuwa kizuizi!"

"Basi kaseme wewe."

Nilitembea mpaka kwenye hema la wasimamizi. Nilisimama pale mlangoni, askari mmoja akaniuliza, "Unasemaje, mama?" Nikafikiria wanakwenda Issuna na gari lao, wanauliza Febronia ni nani, na yeye anatoka ndani ameshajifunga kanga akidhani wageni wameletwa na mwanawe. Nikamwambia naulizia choo.

Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu, ningelala. Nimemtafuta, simpati.

Sasa hivi Mathayo anaendesha Fuso la mizigo, njia ya Issuna. Mjini wanamwita Kuku. Akipita gerejini mafundi wanawika, na yeye anapiga honi, anacheka, lakini mimi namjua, kile kicheko hakifiki popote. Starlet bado iko uani kwangu na turubai juu. Kuku wangu wameanza kuizungukazunguka, nami nawafukuza kwa mawe.

Juzi alinipa lifti tukaenda kumsalimia mama mdogo. Alikuwa amekaa barazani na majirani anapepeta ulezi. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, akaanza tena ile simulizi yake, maana wanasema kijijini hana nyingine. Anawaonyesha wageni ile kona kwa mkono.

"Yalipita magari mengi siku ile," aliwaambia, "makubwa, mazuri, yote yanakimbia. Hakuna hata mmoja aliyepunguza. Walipita kama watu wasio na mama." Akamshika Mathayo goti. "Wangu akasimama. Tena akaamkia."

Majirani wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilikuwa natazama ukuta.

"Na mwakani wakirudi," akasema, "tutatandika tangu kule barabara kuu."

Nilimgeukia Mathayo. Nilitaka aseme, jamani, angalau mara moja katika maisha yake aseme. Alikuwa anakuna kovu la kidevu.

"Sawa, mama," akasema. "Nitayaona."